Glovu Iliyotoroka na Wimbo

Mtani wangu Mihayo ndiye aliyenitia katika mambo ya gitaa, na alinitia kwa matusi.

Yeye ni Mnyamwezi, mimi Mluguru. Nyumba zetu ziko Bigwa, chini ya mlima, zimetenganishwa na uzio wa michongoma. Kwenye uzio huo kuna tundu analopitia kuja kuchuma mapapai yangu bila kuomba, kwa sababu mtani haombi. Mimi nami nikitamani kuku wake napita tundu lile lile, nakamata, naondoka. Tumezeeka hivyo. Alikuwa dereva wa treni mpaka treni zilipoanza kujiendesha zenyewe, akarudi nyumbani kukaa, na mwaka wa pili wa kukaa akapata kiharusi. Mguu ulirudi. Mdomo ulirudi, na matusi yote ndani yake. Mkono wa kushoto haukurudi. Ulikaa pajani pake kama mgeni aliyekaribishwa kahawa akasahau kuaga.

Hospitali wakamwambia ajiunge na Darasa la gitaa, maana vidole vinavyopewa kazi ndogo ndogo huamka upesi kuliko vinavyobembelezwa. Basi kila asubuhi nikichambua mboga nasikia upande wa pili: ting, kisha kimya, kisha ting nyingine iliyopotea njia. Siku moja nikamwambia kupitia uzio kwamba mbuzi wangu akitafuna bati anatoa muziki mzuri zaidi. Akajibu kwamba kucheka ni rahisi, lakini mikono ya mwanamke wa Kiluguru iliumbwa kwa jembe tu, akipewa gitaa atalilimia.

"Agiza lako basi, mama wa mlimani," akasema. "Tukuone."

Nikaagiza siku ile ile.

*

Mzigo uliletwa na kereng'ende, vile vidude vya kuruka vinavyofikisha vitu majumbani. Hicho changu kilijinasa kwenye kamba ya kuanikia nguo, kikaniachia gitaa na glovu, kikaondoka na kanga yangu mpaka sokoni. Walioiona ikipita juu ya mapaa waliniambia ilipendeza sana, hata maandishi yalisomeka.

Glovu yenyewe ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, ya mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi kwenye shingo ya gitaa. Ukiivaa unaisahau. Ndani imefumwa kwa nyuzi ndogo kuliko za buibui, ambazo zikipata joto la mwili hujikunja na kujikunjua, zikakivuta kidole mahali kinapotakiwa kwenda. Haifundishi kichwa. Inafundisha mkono, na kichwa kinakuja kuambiwa baadaye.

Mwalimu hutokea ukutani. Ni sura ambayo si ya mwanamume wala ya mwanamke, haina umri, inatabasamu hata ukikosea. Siku ya kwanza aliniita mwanafunzi Semeni. Nikamwambia mimi nina wajukuu saba, kwa hiyo kuna namna ya kuniita. Tangu hapo akaniita Bibi Mwanafunzi, na nilishindwa kumtoa hapo.

Akanisomea masharti. Yalikuwa marefu, na mimi nilikuwa nachagua mchele. Kila aliponyamaza nilisema ndiyo. Alinyamaza mara kumi na nne.

Tukaanza na ngazi: do, re, mi, kupanda mpaka juu, kisha kushuka. Watu wanadhani kupanda ndiko kazi. Kushuka ndiko kunakomtoa mtu jasho, maana vidole vinataka kukimbilia nyumbani. Kila siku Mwalimu alinisahihisha kidole cha mwisho. Kidole changu hicho kimepinda. Nimesuka mikeka miaka arobaini, na chenyewe ndicho kilichokuwa kinaubana ukili usifumuke, kikaganda hivyo. Glovu ikakivuta kinyooke, kikarudi. Ikakivuta, kikarudi. Wiki tatu tulivutana. Mimi sina haraka na kitu, nikamwambia Mwalimu aendelee tu, tutaona nani ana kazi nyingine ya kufanya. Asubuhi moja glovu ikaacha kuvuta.

"Bibi Mwanafunzi," Mwalimu akasema, "kidole chako kinapita njia ambayo sisi hatuna. Endelea kuipita."

Nikamwita Mihayo kwenye uzio, nikamtangazia kwamba mashine imesalimu amri. Akasema haijasalimu chochote, imechoka tu, kama alivyochoka marehemu mume wangu.

*

Sasa nifike kwenye kosa.

Mwezi ule tulikuwa tunamwandaa mjukuu wangu Mwanaheri kwa unyago. Siku hizi mwali hafungiwi ndani miezi na miezi kama tulivyofungiwa sisi. Anakaa siku saba za likizo ya shule, na Jumamosi anatolewa. Lakini yanayofundishwa ni yale yale, na yanafundishwa kwa nyimbo. Makungwi wa mtaa wetu ni wawili, mimi na Bi Havijawa, na mwali hufungiwa nyumbani kwake. Katika nyimbo zetu kuna mmoja ambao ni mzizi wa zote. Mwanamke anausikia mara ya kwanza siku ya mwisho, kabla ya kutolewa. Hauimbwi nje wala haupigiwi mluzi. Mwanamume akiujua, wimbo umekufa. Hivyo ndivyo tulivyokuta, na ndivyo tulivyofundisha. Wenyewe siuandiki hapa.

Nilikuwa nimevaa glovu, nimepakata gitaa, nafanya ngazi zangu, na kichwani nawaza mambo ya Mwanaheri: nani atapika, nani atabeba maji, shangazi yake atakuja au atatuma salamu kama kawaida yake. Vidole vikaniacha. Vikatoka kwenye ngazi vikaingia kwenye ule wimbo, kama punda anavyokwenda kisimani bila kuongozwa. Sikuimba hata neno moja. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikaona hakuna ubaya, ni mimi na gitaa langu, nikaurudia mara ya pili. Glovu ikawaka kijani kwenye kifundo cha mkono.

Nilidhani inanisifu.

*

Siku nne baadaye nilikuwa nafua, nikausikia unatoka kwa Mihayo.

Nikakaa chini, na chini palikuwa na beseni.

Haukuwa ting na kimya. Ulikuwa wimbo mzima, kichwa mpaka mkia, na kidole cha mwisho kikichelewa mahali pale pale ninapochelewa mimi. Nikapita tundu la uzio nimelowa nyuma. Mihayo alikuwa amekaa kizingitini, na mkono wake wa kushoto unatembea kwenye shingo ya gitaa, unayumba kama mlevi anayetafuta mlango wake, lakini unatembea. Aliponiona hakunitukana. Hapo nikajua jambo ni kubwa. Akauinua ule mkono, akafumba ngumi, akafumbua. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Akanieleza kwa furaha mpaka maneno yakagongana. Darasa limetoa zoezi jipya, Zoezi la Arobaini na Moja, kwa ajili ya vidole vizito. Mengine yote yalimtaka aende mbio. Hili lina mahali pa kusubiri, mahali ambapo kidole kinapewa nafasi kifike kwa wakati wake. Siku ya pili kidole kilifika. Siku ya tatu akafunga vifungo vya shati mwenyewe. Akanionyesha shati. Vifungo vilikuwa vimefungwa vyote, kimoja kwenye tundu lisilo lake.

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, zoezi hilo wanalo watu wangapi. Akasema ameambiwa elfu kumi na moja. Kuna wa Songea, kuna wa Lamu, kuna mmoja Bujumbura analipiga kwenye harusi.

Nilirudi kwangu nikamwamsha Mwalimu ukutani, na ndipo nilipoelewa nilikuwa nimekubali nini siku ile ya mchele. Darasa halina nyimbo zake lenyewe. Lina Chungu, hivyo ndivyo wanavyokiita, na kila glovu, popote ilipo, inatia humo. Mwanafunzi akipata njia nzuri ya kupita mahali pagumu, glovu inauchukua ule mwendo wa vidole, inaupeleka Chunguni, na kesho yake unapakuliwa kwa wote wanaouhitaji. Jina la mtu haliendi. Sauti yake haiendi. Ni mwendo tu. Mwalimu alinipongeza sana. Alisema mwaka mzima hakujatokea mwendo uliosaidia vidole vingi kama huu wangu.

Nilimwambia asante. Nilikuwa nimelelewa hivyo, mtu akikupongeza unasema asante, hata kama anakupongeza kwa kosa lako.

*

Bi Havijawa alikuja kesho yake, Alhamisi, kabla jua halijawa kali. Yeye hana gitaa wala hataki, na wimbo aliusikia kwa toroli la maji.

Toroli lile hujiendesha lenyewe kutoka tangini, na likifika mtaani hupiga muziki ili watu watoke na ndoo. Halina mtu wa kulichagulia, hujichukulia linalopendwa wiki hiyo. Asubuhi hiyo lilikuja na mzizi wetu. Bi Havijawa alikuwa katikati ya foleni, wanaume wawili mbele yake wanaufuatisha kwa mluzi, na mmoja alikuwa baba mkwe wa binti yake. Aliiacha ndoo pale pale.

Hakunisalimia. Alivua viatu, akavipanga, akakaa kwenye mkeka, akaniuliza nimempa nani. Nikamweleza kuhusu glovu, ngazi, kijani, Chungu, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ana subira kunishinda mimi.

"Semeni," akasema, "wimbo ule nilipewa na bibi yangu akiwa kitandani anakata roho. Toroli limepewa na nani?"

Akasema kama kuna njia ya kuurudisha, urudi kabla ya Jumamosi. Usiporudi, nisivuke kizingiti chake, Mwanaheri atatolewa na kungwi mmoja. Mjukuu wangu mwenyewe, mimi niliyemtoa mama yake, niliyewatoa shangazi zake, hata yule wa kutuma salamu. Nitakaa nje na wapishi nikisikiliza vigelegele kama jirani.

"Futa," akasema, akavaa viatu vyake.

*

Mwalimu alisema kufuta kunawezekana. Aliyetia mwendo Chunguni ana siku saba za kuutoa, na zangu zilikuwa zinaisha Jumamosi asubuhi. Kazi yangu ni kuweka kidole gumba kwenye ule mwanga wa kifundoni na kusema nimeghairi. Basi. Kwa siku tatu glovu zote zitawapigisha wanafunzi ule mwendo kinyumenyume, kidogo kidogo, ndani ya mazoezi mengine, mpaka vidole viukatae. Wakijaribu kuupiga vitateleza. Hata mluzi wao utakosa pa kushika, kwa sababu mtu husahau kwa mdomo kile ambacho mkono wake umekikana.

Niliuliza kama ni wimbo tu utakaotoka.

Akasema hapana, na alilisema hilo kwa tabasamu lile lile. Mkono unajenga juu ya ulichokipata jana. Aliyejifunza jambo kwa kuegemea mwendo wangu, jambo hilo litaondoka nao. Nikaelewa upesi, maana ni kama mkeka: ukivuta ukili wa chini, hauji peke yake. Katika wale elfu kumi na moja, watu mia mbili na kumi na mbili walikuwa na mikono iliyougua. Hao watarudi walipokuwa.

"Nao wataulizwa?" nikasema.

"Walishakubali, Bibi Mwanafunzi. Siku ya kwanza, kwenye masharti."

"Kama nilivyokubali mimi?"

"Sawasawa na ulivyokubali wewe."

Nilikumbuka kwamba mchele ule haukuwa hata na mawe mengi.

*

Nikaenda kwa Mihayo kwa mlango wa mbele, nikapiga hodi. Hapo nilikosea. Miaka ishirini na sita sijawahi kumpigia hodi mtani wangu, na alipofungua uso ulikuwa umemshuka, akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hajafa mtu. Akaniuliza basi mbona nimekuja kama mtu wa serikali.

Alikuwa anamenya mihogo. Mkono wa kulia ulishika kisu, na wa kushoto ulikuwa umeukamata muhogo, haujaubana vizuri, ukimponyoka anaufuata anaucheka. Nilikaa nikamtazama anamenya miwili mizima kabla sijasema neno.

Nilimwambia, huku nachagua maneno kama mtu anayevuka tope na viatu vipya, kwamba lile zoezi lilitoka kwangu, kwamba halikuwa langu la kutoa, na kwamba nikilirudisha, mkono wake huenda ukarudi kulala. Akauliza ni la nani. Nikasema siwezi kusema. Akauliza kwa nini siwezi kusema. Nikasema hilo nalo siwezi kulisema.

Akatazama upande wa nyumba ya Bi Havijawa, ambako mtaa mzima unajua kuna mwali ndani. Akatazama gitaa lake lililoegemea ukuta. Akaweka kisu chini taratibu. Mnyamwezi si mjinga, ingawa nimemwambia hivyo maisha yangu yote.

"Sijakuuliza kitu," akasema.

"Na mimi sijakujibu."

"Basi futa. Mkono huu ulikaa miaka miwili bila kazi, kukaa unakujua. Mimi mtani wako nachukua papai. Kilicho chumbani sichukui."

Angekataa ningemgombeza, ningefuta kwa hasira na hasira ingenisaidia kulala. Lakini alikubali, akarudi kumenya muhogo, na nikaona anaumenya polepole zaidi, kama anayeaga. Nilipofika mlangoni akanikumbusha nipite tundu langu la kawaida siku nyingine, nisije nikamsababishia kiharusi cha pili.

Nilikwenda kwangu nikawasha moto nikauzima. Huyu nimemuuliza, naye amenipa. Hao mia mbili na kumi na mmoja waliobaki sijui hata majina yao. Mmoja labda asubuhi hii ameshika kikombe. Nitaingia ndani ya mkono wake wakati anafanya ngazi zake kwa utulivu, nimnyang'anye kikombe, nitoke, na hatajua ni nani.

*

Ijumaa asubuhi nilikuwa kwenye kizingiti cha Bi Havijawa. Sikuvuka. Nilimwita nje, tukasimama karibu na jiko la wapishi, nikamwambia sitafuta.

Akauliza kama nimesahau alichosema. Nikamwambia nakumbuka kila neno.

"Miaka thelathini na moja mimi na wewe tunamwambia mwali jambo moja kabla ya mengine yote," nikasema. "Mwili wako ni wako, asiingie mtu bila wewe kujua. Nitamwambiaje Mwanaheri kesho, ikiwa leo nimeingia kwenye vidole vya watu elfu kumi na moja na hawajui?"

Mpishi mmoja alikuwa anapepeta mchele karibu yetu, naye akapunguza kupepeta ili asikie, mpaka Bi Havijawa alipomtazama.

"Kwa hiyo wimbo wa bibi yangu ufe," akasema.

Nikamwambia umeshatoka, hilo ni kosa langu na nitazeeka nalo. Lakini glovu ilichukua mwendo, haikuchukua maneno, kwa sababu sikufungua kinywa. Maneno yote tunayo. Tuyavishe nguo nyingine. Hata bibi zetu hawakuukuta umeota kama uyoga, kuna mwanamke alikaa mahali akautunga, na pengine siku hiyo kuna mwenzake aliyemnunia.

Akasema nguo ya kushonwa kwa siku moja huchanika begani. Nikamwomba anipe hiyo siku moja. Akasema nitakuja kesho na nitauimba mbele yake na mbele ya wanawake. Ukiwa mbaya atanitoa mimi na gitaa langu, mwali akishuhudia.

*

Nilifunga mlango, nikavua glovu nikaitia kwenye debe la unga, nikaweka jiwe juu. Mwalimu alitokea ukutani akaniuliza mbona leo sijavaa. Nikamfunika kwa ungo. Alisema mambo mawili matatu nyuma ya ungo, kwa heshima, kisha akanyamaza.

Mkono mtupu ni mkono mwingine. Nyuzi ambazo jana zilikuwa laini zilinikata. Kidole nilichodhani kinajua njia kilisimama njia panda, kikanisubiri nikiambie. Miezi yote ile nilikuwa najifunza nimeshikwa kiuno, sasa nimeachiwa barabarani. Nilipanda ngazi nikaanguka, nikashuka nikaanguka. Ikafika saa sita mchana bado sina hata mstari mmoja unaoweza kubeba neno, na maneno yenyewe ni mazito, hayakai kwenye muziki mwepesi.

Nikaacha kutafuta wimbo mzuri. Nikayasema maneno kwa sauti ndogo, vile ninavyoyasema kwa mwali, nikasikiliza sauti yangu inapanda wapi, inashuka wapi, inapumzika wapi, nikaitafuta kwenye nyuzi sehemu moja moja. Neno la kwanza lilichukua saa nzima. Mimi sina haraka na kitu. Jua lilipoanza kuegemea mlima nilikuwa na wimbo, na ncha za vidole zimevimba kama mahindi ya kuchemsha.

*

Jumamosi saa nne tulikuwa wanawake saba ndani ya chumba cha Bi Havijawa, madirisha yamefungwa, na Mwanaheri katikati amefunikwa kanga mbili. Nje wanaume walikuwa wanasubiri chakula, na Mihayo anawatumbuiza kwa Zoezi la Arobaini na Moja. Alikuwa amekuja kunieleza kwamba hatapiga kitu siku hiyo, nami nikamwambia apige tu, tena kwa nguvu. Ulipofika mahali pa kusubiri, wanawake wote saba tulishusha pumzi pamoja, bila kutaka. Nilimtazama Bi Havijawa. Alikuwa amefumba macho.

"Anachelewesha vizuri, mshenzi," akasema, na mtu mmoja akacheka, kisha sote.

Halafu akanipa ishara nianze.

Nikaanza. Sauti yangu ilikuwa imekauka, lakini maneno yaliisaidia, maana yanajua kazi yake. Katikati kidole kiliteleza, ukatoka mlio ambao sikuuita. Nikaendelea. Mzunguko wa pili nikasema sasa nipite kwa uangalifu, nikateleza pale pale. Nilisubiri Bi Havijawa anionyeshe mlango. Akavuta ngoma iliyokuwa miguuni pake, akaiweka mapajani, na mzunguko wa tatu nilipofika mahali pale alinyanyua mkono wake hewani akauacha hivyo, ngoma kimya, mpaka ule mlio mbaya ukapita. Kisha akapiga.

Wenzetu wakapokea. Tuliurudia mara tano. Mwali haruhusiwi kusema akiwa amefunikwa, lakini kanga zilitikisika na sauti ndogo ikatoka chini yake.

"Bibi, hapo katikati umekosea, au ndivyo unavyokwenda?"

Ngoma ikanyamaza. Wote wakanigeukia. Ndani ya chumba kile kungwi hasemi uongo.

"Nimekosea," nikasema. "Nawe kosea hapo hapo."

Akajaribu, peke yake. Akafika katikati, akakosea hapo hapo, sawasawa kabisa, na Bi Havijawa akasimama kwenda kufungua mlango, mwali atolewe.